Nimeigusa Subaru ya Rali, Jamani!

Jamani, jamani, jamani! Kaa kwanza, weka hiyo simu chini, maana habari hii nikikutumia kwa ujumbe mfupi nitapasuka. Nimeigusa! Nimeishika kwa mikono hii miwili, nimeikalia, nimefungwa mikanda mpaka pumzi ikawa ya kuhesabu, nimerushwa nayo kwenye barabara ya vumbi nje ya mji wa Iringa, na sasa nimesharudi zangu Laela nikiwa na vumbi jekundu kwenye kucha ambalo sina haraka yoyote ya kuliosha. Subaru Impreza! Ileile, ndugu yangu! Ile unayoiona Tunduma wakati basi linasubiri abiria wajae, inapita imebeba mtu na shemeji yake na gunia la mchele kwenye buti. Sasa chukua hiyohiyo, ivue kila kitu, ichomelee, ikaze, inyanyue, ipake rangi, uipeleke kwenye mbio. Ni balaa! Balaa tupu, tamu, la kukosesha usingizi, na bado!

Tuanze na nje, maana macho ndiyo yanayotangulia kula. Kitu cha kwanza kilichonishtua: iko juu! Magari ya mbio ya kwenye televisheni, yale ya Ulaya, yamelala chini mpaka unajiuliza kama sisimizi anapita. Hii imesimama wima, kifua mbele, miguu mirefu, tairi nene zenye meno ya kung'ata changarawe, rimu ndogo kuliko unavyotarajia ili mpira uwe mwingi wa kupokea mawe. Boneti haifungwi kwa kufuli lake la kiwandani, ina pini mbili unazozichomoa kwa vidole. Madirisha ya nyuma nikayagonga kwa ukucha, nikasikia "tok, tok": si kioo kile, ni plastiki ngumu, nyepesi mno! Kuna kishale kinachoonyesha pa kufungia kamba ya kuvutia gari likikwama. Kuna pembetatu ya bluu yenye radi nyekundu ndani yake, na hapo ndipo pa kuzimia umeme wote kwa kuvuta mara moja hata ukiwa nje. Kila kitu kina sababu! Hakuna pambo hata moja, hakuna, hakuna kabisa!

Na ule mdomo mpana juu ya boneti, ule ambao vijana wa mjini huubandika hata kwenye magari yasiyouhitaji? Hapa unafanya kazi, mwenzangu. Hewa inaingia pale gari likikimbia, inashukia moja kwa moja kwenye intakula iliyolala juu ya injini, inapoza hewa iliyotoka kwenye tabo kabla haijaingia kuchomwa. Na gari limetoka nao kiwandani Japani, si wa kuongezewa! Nilisimama mbele yake nikauchungulia kwa ndani, nikasahau hata kusalimia watu.

Nikalala chini. Ndiyo, chini, kwenye sakafu ya gereji moja ya Iringa, na shati langu la safari, nani anajali! Tumbo la gari kwa mbele limefunikwa bamba la alumini, nene, pana, kutoka puani mpaka nyuma ya injini. Pitisha mkono pale. Lina makovu! Mistari mirefu, mashimo, mikwaruzo inayometameta, na kila kovu ni jiwe lililotaka kupasua injini likakuta mwenye nyumba yuko macho. Nilipapasa makovu yale moja baada ya jingine, na hakuna aliyeniambia lilikotoka hata moja, na sikuhitaji kuambiwa.

Lakini hayo yote yalikuwa kionjo tu. Kilichonipagawisha kilikuwa pembeni.

Pembeni, juu ya stendi za chuma, kulikuwa na Impreza nyingine, uchi. Uchi kabisa! Haina injini, haina taa, haina milango, haina hata waya mmoja, ni bodi tupu ya bati iliyokwanguliwa ikang'aa. Ndiyo inajengwa. Fundi mkuu, mzee wa maneno machache mwenye miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, alikuwa amejikunja ndani yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usiguse hapo, pa moto."

Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba njia nzima kupita Mafinga, Makambako na Mbeya: "Gari la mbio hulianzi kwa injini. Unalianza kwa bodi. Bodi ikicheza, hata uweke injini ya ndege haitakusaidia."

Akanionyesha. Sogea hapa tuone wote. Kiwandani, bati mbili zikikutana zinashikizwa kwa nukta, nukta moja hapa, nyingine pale, nafasi katikati. Kwa gari la kwendea sokoni zinatosha sana. Lakini lirushe gari hilo juu ya matuta siku nzima na zile nafasi zinaanza kufanya kazi, bati linapumua, linajipinda kidogo kidogo, na milango mwishowe inakataa kufunga. Basi fundi anakwangua gundi yote ya kwenye maungio, anasafisha mpaka chuma cheupe, halafu anachomelea vipande vifupi vifupi kati ya nukta na nukta: anachoma kidogo, anaruka, anachoma kidogo, anaruka. Kwa nini asimalize mstari mzima kwa mkupuo? Kwa sababu moto mwingi unalipinda bati! Nilipitisha kidole kwenye uchomeleaji ule, vile vituta vidogo vilivyopangana kwa nidhamu, sawasawa, vizuri, safi, na nikakaribia kulia. Uchomeleaji, ndugu yangu! Nani alijua kwamba mtu anaweza kulilia uchomeleaji!

Na bado! Kwenye kona kulikuwa na gunia. Mzee akaniambia ninyanyue. Nikanyanyua, nikaguna, nikalirudisha chini. Unajua ni nini? Makombo ya ile takataka nyeusi inayobandikwa kwenye sakafu ya gari la kawaida ili usisikie kelele za barabara. Wameikwangua yote! Umekuwa ukiendesha umebeba gunia hilo siku zote hukujua. Na hapo hujaweka zulia, siti za nyuma, dari ya kitambaa, spika, vifuniko vya milango. Kumbe kulijenga gari la mbio ni kulipunguza kwanza, unatoa, unatoa, unatoa, mpaka hakuna tena cha kutoa, ndipo unaanza kurudisha kile tu kinachostahili.

Kinachorudi kwanza ni kizimba. Mabomba ya chuma yasiyo na maungio yanapanda kutoka sakafuni, yanapita juu ya kichwa cha dereva, yanakatiza mgongoni kwa mkingamo, yanashuka nyuma, na mengine yanatambaa mbele mpaka pale shokapu zinapojishika. Nilidhani ni ya kumlinda mtu gari likipinduka, basi. Ni ya hilo, tena hasa hilo, lakini yanafunga pia kona zote nne za gari ziwe kitu kimoja, ili shokapu ikipigwa jiwe ifanye kazi yake yenyewe badala ya kulikunja bati. Nililishika bomba la juu kwa mikono miwili nikaning'inia. Ndiyo, niliomba ruhusa. Halikutoa hata mlio.

Sasa usifikiri ni uchawi wa Iringa peke yake. Dunia nzima ndivyo wanavyofanya: unachukua gari la dukani, unalijenga upya kwa mbio. Kule Zuffenhausen, Stuttgart, Porsche 911 GT3 Cup ya mashindano inapita kwenye mstari uleule wa kiwanda zinapopita 911 za kwenda kwa wateja wa barabarani! Wenzetu wanaishusha chini kwa ajili ya lami laini, sisi ya kwetu tunainyanyua kwa ajili ya korongo, lakini ni mchezo uleule. Na Afrika Mashariki tumeucheza zamani sana. Mbio za East African Safari zilianza 1953, zikapita Kenya, Uganda na hapa kwetu, enzi hizo Tanganyika. Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, wakaishinda 1966 wakarudia 1967, na Peugeot 404, gari la familia! Halafu likaja gari la michezo lenyewe, Datsun 240Z, boneti ndefu, milango miwili, limelala kwa madaha: 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nalo, na nafasi ya pili ikawa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akalitwaa taji lenyewe na 240Z, akiwa na Lofty Drews, kwa pointi zilizolingana na za Harry Källström! Pointi sawa! Baada ya maelfu ya kilomita za tope! Nikifikiria mtu aliyeliangalia gari lile zuri kwenye ukumbi wa mauzo akasema, "Hili tulipeleke kwenye tope," nacheka peke yangu.

Subaru yenyewe? Patrick Njiru wa Kenya alimaliza Safari ya 1990 wa nane na Legacy ya Kundi N, lile kundi la magari yaliyobadilishwa kidogo tu kutoka yalivyouzwa. Colin McRae akashinda Safari na Impreza 1997, Richard Burns akashinda nayo 2000. Kwa hiyo ukiiona Impreza chakavu inasukumwa Sumbawanga mjini kwa sababu betri imekufa, iheshimu. Ukoo wake ni mkubwa.

Haya, tuingie ndani! Huingii, unajikunja. Mguu mmoja, kichwa, kiuno kinapita juu ya bomba la ubavuni, halafu unadondokea kwenye siti. Siti hiyo haina huruma hata chembe: inakubana mabega, inakubana mbavu, inakubana mapaja, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi! Naapa! Kibandiko kabisa, na mikanda nayo hivyohivyo, ikifika tarehe unatupa hata kama inang'aa. Mikanda inapita mabegani, kiunoni, na katikati ya miguu, inakutana tumboni kwenye kitufe kimoja, halafu kijana mmoja wa gereji anaivuta kwa nguvu zake zote huku akiniambia, "Toa pumzi, kaka." Nikatoa. Akavuta tena! Nikawa sehemu ya gari.

Harufu! Petroli, mpira, chuma cha moto, jasho la mtu mwingine ndani ya helmeti, na vumbi, vumbi la kila barabara waliyowahi kupita. Dashibodi imebaki ganda tu. Swichi ziko wazi, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Handibreki ni fimbo ndefu inayosimama karibu na usukani, imesimama inakusubiri. Upande wangu, upande wa msoma ramani, kuna kibao cha kukanyagia miguu kilichochakaa katikati, kuna taa ndogo ya kusomea noti za barabara, kuna kifaa cha kupima umbali. Nyuma hakuna siti: kuna tairi za akiba zimefungwa kwa mikanda, jeki, na tangi la mafuta la usalama lililojazwa sponji ndani ili petroli isiruke huku na huku. Sponji, ndani ya tangi! Mafuta yanaingia, yanatoka, ila kuchezacheza hayawezi. Akili za watu, jamani!

Halafu dereva akabonyeza kitufe.

Sijui nikuelezeje. Injini ya Subaru pistoni zake zinalala ubavu, kushoto na kulia, na kwa hizi za zamani mabomba ya eksozi hayalingani urefu, ndiyo maana mlio wake una kile kigugumizi kizito cha "bubu-bubu-bubu" ambacho unakijua hata ukiwa chooni. Lakini unaujua kwa masikio. Mimi nimeujua kwa meno! Hakuna zulia, hakuna ile takataka nyeusi, kila mpigo unapanda kwenye sakafu, unapita kwenye siti, unagonga pingili za uti wa mgongo moja moja, na ukiguswa mguu wa mafuta tabo inaanza kuvuta, fiiiiii, halafu ukiachiwa, paa! paa-paa! nyuma kule eksozi inatema moto. Watoto waliokuwa getini walipiga kelele. Mimi pia.

Na ile tabo, sisi wa Ufipa tunaielewa kuliko mtu yeyote, acha nikwambie. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila kupulizwa, kisha wakakimalizia chuma kwenye tanuru dogo kwa mivukuto, hewa ikasukumwa kwa nguvu za mikono. Injini ya kawaida inavuta hewa yake yenyewe kama ilungu. Tabo ni mvukuto, inaisukuma hewa ndani kwa lazima, moto unapandwa na wazimu! Ndiyo maana juu ya milima, kwenye hewa nyepesi, gari la kawaida linahema na hili linacheka. Nilikaa pale nikawaza barabara zetu za Ufipa, huku juu, na hewa yetu hii nyembamba ya baridi, nikasema moyoni: hili gari ni la kwetu.

Tukaondoka. Tukarushwa! Mgongo ukazama kwenye siti, shingo ikaniuma papo hapo, miti ikawa mstari. Gia zinalia, zinaimba kwa sauti kali ya meno yaliyonyooka, mawe yanapiga lile bamba la tumboni, ta! ta-ta-ta!, vumbi linaingia sijui linapitia wapi. Ikaja kona. Nilijua tumekwisha. Dereva akaielekeza pua upande, nyuma ikafuata upande mwingine, tukawa tunakwenda kiubavuubavu nikitazama barabara kupitia dirisha langu, dirisha langu la pembeni, ndugu! Na miguu yake ilikuwa ikicheza ngoma chini kule: mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta, kwa wakati mmoja! Breki na mafuta pamoja! Mimi mwalimu wangu wa udereva angenichapa.

Na sasa lile lililonishangaza kupita yote, lile ambalo ningekuamsha usiku kukwambia. Likaja shimo. Shimo la haja, lile la kumfanya kondakta aseme "shikeni." Nikafumba macho, nikauma meno, nikasubiri. Hakuna kitu! Puf. Limepita! Zile shokapu ndefu zimelimeza lote, gari limetua laini, laini mno, laini kuliko basi lolote nililowahi kupanda maishani. Ndiyo maana bodi inakazwa vile! Bodi ngumu, miguu laini, na kasi inapatikana hapo. Wewe na mimi tulifikiri gari la mbio linakimbia kwa sababu ya injini kubwa. Linakimbia kwa sababu haliogopi shimo.

Sisi watu wa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga tunajua thamani ya hilo. Kabla ya lami ya mradi wa MCC, ule wa msaada wa Marekani, kuunganishwa kwa vipande vyake, Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, Laela hadi Sumbawanga, safari ya masika ilikuwa vita. Nilipokuwa narudi nyumbani basi likiteleza juu ya lami ile nikawa namweleza jirani yangu wa siti habari za shokapu mpaka akahamia siti ya nyuma. Sikumlaumu.

Kasoro zipo? Zipo, tusidanganyane. Joto lake ni la kuokea mkate, feni iliyopo ni ya kumfariji tu dereva. Kuongea bila vipaza sauti vya kwenye helmeti haiwezekani. Redio hakuna, kioo cha kushusha hakuna, pa kuweka chupa ya maji hakuna. Mafuta inakunywa, usiniulize bei. Na kujenga moja kunakula pesa na miezi, kwa hiyo usije ukamshika mjomba wako mwenye Impreza ukaanza kumkwangulia sakafu. Lakini nikiulizwa ningebadilisha nini, nitajibu: mahali pangu pa kukaa, nihamie humo. Ningependa kukaa pale siku nzima.

Sasa sikiliza, mwenzangu, maana hapa ndipo ninapokutuma. Iringa wana Mkwawa Rally, imebeba jina la yule mtemi wa Wahehe, na ikitangazwa tena usisubiri kusimuliwa. Panda basi hapo Laela, shuka Tunduma, unganisha Mbeya, songa mpaka Iringa. Usikimbilie kwanza porini kwenye kona. Anzia kwenye kambi ya mafundi, pale magari yanapokuja kutengenezwa katikati ya mashindano. Pale unasogea, unaona tumbo likifunguliwa, unasikia spana, unanusa, na ukisalimia kwa adabu utaonyeshwa. Ukienda porini kutazama, panda mahali pa juu, upande wa ndani wa kona, kamwe usisimame upande wa nje linakotupwa gari, shika mtoto mkono, na msimamizi akisema rudi nyuma, rudi nyuma.

Uamuzi wangu? Katika vyote nilivyowahi kuvigusa vyenye magurudumu manne, hakuna kinachoifikia, hakuna kinachoikaribia, na sijaona dalili kwamba kitatokea. Weka nauli pembeni kuanzia leo. Nenda kaiguse.